Mguu Unaouma Utembezwe, na Simu Isaidie

Wako watu kati yetu hapa Pweto ambao hutembea hatua mia mbili tu, kisha husimama na kushika shavu la mguu. Maumivu hushika kama mkazo wa misuli. Wakipumzika dakika chache, yanaisha. Wakianza tena, yanarudi. Jamaa zao husema, «Ni uzee. Mzee akae, mguu upate nafuu.» Sisi twasema: shauri hilo ni baya.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Damu hupita katika mishipa kama maji katika mfereji. Mafuta yakiganda ndani ya mshipa wa mguu, njia inakuwa nyembamba. Mtu akikaa, damu kidogo yatosha. Akitembea, misuli hudai damu zaidi na haipati. Ndipo inalia kwa maumivu. Wanaoshikwa zaidi ni wavuta tumbako, wenye ugonjwa wa sukari, wenye damu kupanda, na wazee. Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Katika miaka 2011 na 2012 waganga waliwapima wazee wa miaka 65 na zaidi katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville. Waliona mishipa ya miguu imeziba kwa wazee wapatao 15 katika kila 100.

Sasa, mbona kukaa ni kubaya? Kwa sababu mguu usiotumika hudhoofika, na misuli husahau kazi yake. Mguu unaotembezwa hujifunza kutumia vema damu kidogo inayoufikia. Jambo hili si jipya. Mganga wa Ujerumani, Wilhelm Erb, aliandika juu ya faida ya kutembea kwa wagonjwa hawa mwaka 1898.

Katika nchi tajiri wagonjwa hutembezwa hospitalini mara tatu kwa juma, mbele ya mwangalizi, kwa majuma 12. Mtu wa Pweto atafanyaje? Lubumbashi ni mbali, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Hata anayekaa ng'ambo ya mji hawezi kuja hospitali mara tatu kila juma na kuacha shamba na nyavu. Basi atembee nyumbani kwake, na mwuguzi amfuate kwa simu. Hayo ndiyo maoni yetu.

Wengine watacheka: «Je, simu hutibu mguu?» Swali lao ni la haki, na lijibiwe kwa kweli. Simu peke yake haitibu. Huko Chicago mganga Mary McDermott na wenzake walijaribu jambo hili mara kadhaa. Mwaka 2018 walitoa habari za wagonjwa 200: nusu yao walipewa chombo cha kuhesabu mwendo na kupigiwa simu. Baada ya miezi 9 hawakuwapita wale ambao hawakupewa kitu. Lakini mwaka 2021 walitoa habari nyingine, za wagonjwa 305. Waliopigiwa simu na kuambiwa watembee kwa nguvu mpaka mguu uume, waliongeza mita 34 hivi katika mwendo wa dakika 6, baada ya mwaka mmoja. Waliopigiwa simu vilevile, lakini wakatembea polepole bila maumivu, hawakuongeza kitu.

Mwaona tofauti? Anayeuliza tu, «Hujambo, umetembea?» anapoteza vocha yake. Mguu hufaidiwa pale unapodaiwa kazi.

Basi kazi iende hivi. Kwanza mgonjwa aje hospitali mwenyewe. Mganga ashike mapigo ya damu miguuni, apime na moyo. Aonyeshwe namna ya kutembea: aende kwa nguvu mpaka shavu la mguu liume sana, asimame mpaka maumivu yaishe, kisha aende tena. Aanze na dakika chache, aongeze kila juma mpaka afike dakika 50, siku tano kwa juma. Asiye na saa ahesabu nyumba au miti ya njiani.

Kisha mwuguzi apige simu siku moja ya juma isiyobadilika, hata ikiwa simu ni ya mwana au ya jirani. Aulize mambo manne: Umetembea siku ngapi? Dakika ngapi? Mguu uliuma kabla hujasimama? Una kidonda mguuni? Na majibu ayaandike. Mgonjwa akijua kwamba Jumanne ataulizwa, Jumatatu hatakaa kitako.

Ninyi wa nyumbani pia mna kazi. Msimnyang'anye mzee mwendo wake kwa huruma. Mama akisema anakwenda sokoni, msimtume mtoto badala yake. Mtoto amfuate abebe kikapu. Tena wagonjwa wawili wa mtaa mmoja watembee pamoja, kwani mtu peke yake huchoka upesi. Na mvuta tumbako aache. Kutembea huku unavuta ni kuchota maji kwa kikapu.

Lakini sikieni onyo. Mguu ukiuma usiku umelala, kidole kikiwa cheusi, kidonda kikikataa kupona, au kifua kikibana njiani, usingoje simu. Njoo hospitali upesi. Mguu ukiwa baridi na mweupe ghafula, njoo saa hiyohiyo.

Mita 34 ni kitu kidogo kwa kijana. Kwa mzee ni kufika kisimani bila kusimama, ni kufika kwa jirani aliyefiwa, ni kurudi ufukoni kununua samaki kwa mkono wake mwenyewe. Simu moja kwa juma si gharama kubwa kwa jambo hilo.