PDF nyeusi tii, mkoba mtupu

Jamani, kwa nini watunzi wa kujitegemea wa michezo ya kuigiza mezani, ile ya dadu na karatasi, watuuzie PDF yenye kurasa nyeusi tii? Mnunuzi wa Meru au Embu hulipa mara mbili: kwanza faili, kisha saiba, ambako rangi hutozwa kwa kila ukurasa. Dungeons & Dragons ilianza 1974 kwa nakala 1,000: boksi la vijitabu 3, michoro ya kawaida tu, dola 10. Ziliisha, wakachapisha tena. Sisi waandika programu hujaribu kazi kabla ya kuitoa. Nanyi chapeni faili lenu kwa wino mweusi pekee, mjionee. Likisomeka, tajeni bei. Nitalipa bila kunung'unika.