Mwenzi wa ndoa asifanywe mgeni wa milele

Majuzi alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili huko Pwani, akitaka nimsaidie kuandika barua. Nilidhani ni barua ya kuomba nafasi ya masomo ya juu, kwani ndiyo desturi ya wanafunzi wetu wanapotukumbuka. La, hasha! Alitaka kuiomba serikali radhi kwa ajili ya neno moja alilolitamka mkewe mpakani. Neno lenyewe ni "kutembea".

Kisa chake ni kifupi. Alimposa binti wa Tanga, mahari ikatolewa, nikahi ikafungwa mbele ya wazee wa pande zote mbili na cheti cha ndoa kikapatikana. Yote hayo yalifanyika katika likizo ya Desemba. Shule zilipokaribia kufunguliwa, bwana harusi alitakikana darasani. Je, amwache mkewe kwao hadi karatasi za kumruhusu kuishi Kenya zitoke, au avuke naye kwanza na karatasi zifuate? Walivuka. Wajuzi wa njia walikuwa wamemwasa bibi harusi hivi: "Ukiulizwa, sema unakwenda kutembea." Alipoulizwa akasema hivyo, akapigiwa muhuri wa mgeni, wakaenda zao.

Miezi ikapita. Ombi la pasi ya mtegemezi lilichelewa kupelekwa, kwa kuwa kila hati ilidai hati nyingine, na lilipopelekwa likakaa. Muda wa muhuri ukaisha. Ndipo siku moja ikaja simu kutoka Tanga kwamba mamake amefariki. Kaburi lilikuwa safari ya nusu siku tu, lakini binti hakwenda. Alichelea kwamba akifika mpakani atashtakiwa kwa kupitisha muda na kwamba, akiisha kutoka, hataruhusiwa kurudi kwa mumewe ilhali ni mja mzito. Akakaa matanga ya mamake katika chumba cha kupanga, miongoni mwa majirani wasiomjua marehemu.

Nina mambo mawili ya kusema juu ya kisa hiki, na huenda msomaji akaona yanapingana. La kwanza ni kwamba mwanafunzi wangu alikosea. La pili ni kwamba taratibu zetu zinamfanya mtu mwaminifu aone kosa hilo kuwa ndiyo njia ya pekee.

Nianze na kosa. Katika Kiswahili, kutembea si kupiga hatua tu, bali pia ni kwenda kwa watu kwa muda na kisha kurejea. Anayetembea ana kwao kunakomngojea. Kwa hivyo binti yule alipomwambia afisa kwamba anakuja kutembea, alimwarifu kwa Kiswahili fasaha kwamba kwao ni Tanga na kwamba atarudi. Haikuwa kweli. Alikuja kukaa. Kati ya kutembea na kukaa pana tofauti ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua, na sheria imejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011, mtu anayepatikana nchini kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au kuadhibiwa kwa yote mawili. Huo ni mshahara wa mwalimu wa miezi mingi.

Wako pia wanaoshauri njia za panya, wakidai kwamba jirani hahitaji kubisha hodi. Ushauri huo ni mbaya zaidi. Aliyepita kituoni akapigiwa muhuri ana pa kuanzia anapojieleza. Aliyepita vichakani hana hata tarehe ya kuonyesha.

Hata hivyo, msomaji asiseme kwamba haya ni ya mpaka wetu peke yake. Wanafunzi wetu wengi hutarajia kwenda ng'ambo, na wengine huoa au kuolewa huko. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 1996 iliweka kwamba aliyekaa bila idhini kwa zaidi ya siku 180 kisha akatoka azuiwe kurudi kwa miaka 3, na aliyekaa mwaka mmoja au zaidi azuiwe kwa miaka 10. Nchini Uingereza, kima cha mapato anachopaswa kuwa nacho mtu anayetaka kumleta mwenzi wake kiliwekwa kuwa pauni 18,600 kwa mwaka katika 2012, kikapandishwa hadi pauni 29,000 mnamo Aprili 2024. Huko mapenzi hupimwa kwa hati ya mshahara. Tunapolalamika kwamba wakubwa wa dunia wanawatenganisha watu wetu na wake au waume zao, yafaa kwanza tutazame mlango wetu wenyewe.

Mlango huo ukoje? Haki idhihirishwe: umepanuliwa. Chini ya katiba ya zamani, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kuandikishwa kuwa raia, lakini mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na haki hiyo. Aidha, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kwa baba, si kwa mama. Katiba ya mwaka 2010 iliondoa ubaguzi huo. Leo mtoto ni raia kwa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kwale au Tanga. Mwenzi wa raia, awe mume au mke, ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia baada ya miaka 7 ya ndoa. Nayo sheria ya mwaka 2011 inamruhusu kuomba ukazi wa kudumu baada ya miaka 3.

Basi tunazo ngazi mbili nzuri, ya mwaka wa 3 na ya mwaka wa 7. Tusisahau, hata hivyo, kwamba ngazi ya pili ina gharama yake, kwa kuwa Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili, na Mtanzania anayeupokea uraia wetu huupoteza wa kuzaliwa. Lakini swali langu leo si la mwaka wa 7 wala wa 3. Ni la siku ya kwanza. Siku ya kwanza, mke au mume anaposimama mbele ya afisa na cheti cha ndoa mkononi, yeye ni nani?

Jibu la taratibu zetu ni kwamba yeye ni mgeni, na baadaye, akifanikiwa, atakuwa mtegemezi. Maneno haya mawili yanastahili kuchunguzwa.

Kiingereza kina neno moja la mgeni anayekaribishwa sebuleni na neno jingine la mgeni anayezuiwa mpakani. Kiswahili kina neno moja tu. Wahenga waliotuachia neno hilo walituachia pia kanuni yake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kuwakejeli wageni wavivu. Mimi naisikia kama sheria ya ukazi. Inasema kwamba ugeni una kikomo, na kwamba kikomo hicho ni kifupi. Jembe ni wajibu, lakini pia ni haki, kwa maana mwenye jembe ana sehemu yake katika mavuno.

Sheria yetu imeigeuza methali hiyo. Pasi ya mtegemezi humruhusu mtu kukaa, lakini haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Atakayetaka jembe atafute kibali kingine. Mke wa mwanafunzi wangu alisomea ualimu wa chekechea kwao. Kijiji anachoishi kina watoto wengi na walimu wachache, naye anazungumza Kiswahili ambacho watoto hao wanakihitaji. Lakini hata pasi itakapotoka, jina lake litakuwa mtegemezi, yaani mtu aliyeegemea mwingine asije akaanguka. Tunamnyima mtu jembe, kisha tunamwita tegemezi!

Jambo hili linanigusa kwa sababu nyingine. Kazi yangu ya utafiti wa lahaja hunipeleka Vanga na Wasini, panapozungumzwa Kivumba, lahaja isiyo mbali na Kimtang'ata cha pwani ya Tanga. Wadigo wako Lungalunga na wako Horohoro. Wakuria wako Isebania na wako Sirari. Wamaasai wa Namanga wana jamaa pande zote mbili. Mstari uliowagawa ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na hakuna mzee wa Vanga aliyeulizwa. Sisemi kwamba mpaka haupo. Upo, na kila taifa lina haki ya kuulinda. Ninasema kwamba ndoa za kuvuka mstari huu ni kongwe kuliko mstari wenyewe, na kwamba sheria inayozishughulikia kama jambo la ajabu haijawajua watu wake.

Fauka ya hayo, tulikwisha kuahidiana mengine. Mkataba wa kuunda upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia katika nchi nyingine na kukaa hadi miezi 6 kama mgeni. Inatambua pia kwamba mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama ana haki ya kuandamana na mke au mume na mtoto wake. Iwapo tumeona kwamba si utu kumtenga mfanyakazi wa kigeni na mkewe, itakuwaje tumtenge raia wetu na wake?

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Afisa wa uhamiaji ataniambia kwamba ziko ndoa za karatasi zinazofungwa kwa ajili ya kupata makao, na kwamba wako walanguzi wa binadamu wanaowavusha wasichana kwa jina la wake. Kweli wapo. Ndiyo maana sheria yenyewe inataka ithibitike kwamba ndoa haikufungwa kwa minajili ya kupata manufaa ya uhamiaji. Lakini hoja hii inanipa mimi nguvu. Laghai hahofii kusema "nakuja kutembea". Hilo ndilo neno alipendalo, maana halimwachii alama yoyote. Utaratibu unaowalazimisha wakweli na walaghai kusema neno moja umepoteza uwezo wa kuwatofautisha. Afisa angewajua vyema zaidi wale wanaotangaza tangu siku ya kwanza kwamba wamekuja kukaa, wakaacha nakala ya cheti cha ndoa, anwani na jina la mwenyeji wao.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, pawe na pasi ya muda inayotolewa mpakani penyewe kwa mwenzi wa raia anayeonyesha cheti cha ndoa na kitambulisho cha mwenziwe, ili ombi kamili lichunguzwe huku familia ikiwa pamoja. Pili, stakabadhi ya ombi lililopelekwa kwa wakati imlinde mwombaji hadi jibu litoke, na imruhusu kutoka na kurudi kwa dharura kama vile maziko. Ucheleweshaji wa ofisi usihesabiwe kuwa kosa la anayengoja. Tatu, mwenzi wa raia aruhusiwe kufanya kazi bila kutafuta kibali cha pili, ili jembe lifike siku ya tatu, wala si mwaka wa tatu.

Na fomu ziandikwe kwa Kiswahili pia. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Karatasi alizoniletea mwanafunzi wangu zilikuwa za Kiingereza kitupu, na mimi mwenye shahada ya uzamifu nilizisoma mara mbili kabla ya kuzielewa. Mkulima wa Taita aliyeoa Upare atafanyaje?

Kwa walimu wenzangu na wanafunzi mnaosoma safu hii, ushauri wangu ni huu hadi sheria itakapobadilika. Peleka ombi mapema, ikiwezekana kabla ya kuvuka. Ukilazimika kuvuka kwanza, pita kituoni, sema kweli, weka nakala za kila hati, na uende ofisini kabla muda wa muhuri haujaisha, si baada yake. Mficha uchi hazai. Afisa anaweza kukukatalia kwa kusema kweli, nami siwezi kuahidi kwamba hatafanya hivyo. Lakini aliyekataliwa kwa ukweli anaweza kurudi kesho na kuomba tena, ilhali aliyeingia kwa uongo atautetea uongo huo miaka yote anayokaa.

Ibara ya 45 ya Katiba inasema kwamba familia ndiyo msingi wa jamii na kwamba inastahili kutambuliwa na kulindwa na Dola. Ibara hiyo haikusema kwamba ulinzi huo uanze mwaka wa tatu wa ndoa.

Barua tuliiandika. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Mke wangu hakuja kutembea, alikuja kukaa." Aliipeleka mwenyewe akiwa na mkewe, wakajieleza bila kuficha kitu. Namshukuru afisa aliyewasikiliza, kwani pasi ilitoka hatimaye. Binti alifika Tanga wiki 2 baada ya arobaini ya mamake. Alikuta kaburi limekwisha kuota majani.