Anga Inapofungwa na Anga Isipofungwa: Nani Anamlinda Abiria?

Jioni ya Jumatatu, tarehe 23 Juni 2025, Mfunguo Tatu ulikuwa bado haujamalizika na baadhi ya mahujaji walikuwa njiani kurudi makwao. Ghafla Qatar ikatangaza kuifunga anga yake. Muda mfupi baadaye Iran ikarusha makombora kuelekea kambi ya Al Udeid, yenye wanajeshi wa Marekani. Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain na Kuwait nazo zikafunga anga zao kwa saa kadhaa. Ndege zilizokuwa zikielekea Doha ziligeuzwa zikiwa hewani, na abiria zaidi ya 20,000 wa shirika moja tu wakajikuta Saudia, Uturuki, India na Oman, mahali ambapo hawakukusudia kwenda.

Kwa familia za visiwani, usiku kama ule si habari ya mbali. Tuna wazee wanaokwenda Umra, vijana wanaofanya kazi Dubai na Doha, jamaa walioolewa Muscat, na wagonjwa wanaopelekwa India. Wengi wao hupita katika anga hiyo hiyo. Ndege ikichelewa, nyumba nzima haipati usingizi, na lawama ya kwanza humwendea aliyefunga anga au shirika lililogeuza ndege.

Sisi tunaona lawama hiyo imekosea njia. Usiku ule wa Doha watu walilala kwenye sakafu za viwanja vya ndege, wakakosa mizigo, wakakosa safari za kuunganisha. Lakini hakuna ndege ya abiria iliyopigwa. Anga ilifungwa kabla ya kombora. Misiba mikubwa tunayoikumbuka ilitokea pale ambapo watu walipigana na anga ikaachwa wazi.

Ufunguo uko kwa nani?

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, unasema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Nchi hiyo ndiyo yenye haki ya kuifunga kwa sababu za usalama, yote au sehemu. Ikifunga, hutoa notisi kwa marubani na mashirika yote, ikitaja eneo, urefu na muda. ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, linaweza kutunga kanuni, kutoa mwongozo na kuonya, lakini haliwezi kumfungia mtu anga yake.

Hapo ndipo penye tatizo. Nchi iliyo vitani ndiyo inayoulizwa kama vita vyake ni hatari kwa wageni. Kufunga anga ni kukiri kwamba haimiliki tena kila kilichomo ndani ya mipaka yake. Ni kupoteza ada ambazo ndege za kigeni hulipa kwa kupita. Na mara nyingine ni kumwonyesha adui kwamba jambo fulani linakaribia kutokea. Sababu za kuiacha wazi ni nyingi, na abiria hayumo katika hesabu hiyo.

Mashirika ya ndege nayo yana hesabu yao. Kuzunguka ni mafuta zaidi na saa zaidi. Shirika moja likiona wenzake wanapita salama, nalo hupita. Usalama wa jana unafanywa ushahidi wa usalama wa leo.

Futi elfu moja

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mashariki mwa Ukraine. Tarehe 14 Julai 2014 ndege ya kijeshi ya Ukraine ilitunguliwa ikiwa kwenye urefu wa kiasi cha mita 6,500. Siku hiyo hiyo Ukraine ikafunga anga ya eneo lile hadi futi 32,000. Juu ya hapo njia ilibaki wazi. Siku tatu baadaye, tarehe 17 Julai, ndege ya Malaysia, safari MH17 kutoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, ilipita hapo kwenye futi 33,000, yaani futi elfu moja juu ya mpaka ule. Ilipigwa kwa kombora la aina ya Buk. Watu 298 walikufa, 80 kati yao wakiwa watoto.

Rubani yule hakukosea njia. Alikuwa kwenye njia iliyoruhusiwa, na kituo cha kuongozea ndege kilijua alipo. Bodi ya Usalama ya Uholanzi, iliyochunguza ajali ile, ilieleza mwaka 2015 kwamba siku ile ndege za abiria 160 zilipita katika anga hiyo kabla haijafungwa kabisa. Bodi hiyo ikasema kulikuwa na sababu za kutosha za Ukraine kuifunga mapema.

Aliyefyatua kombora na aliyeacha mlango wazi hawana dhambi sawa, na hatusemi wanayo. Novemba 2022 mahakama ya Uholanzi iliwatia hatiani watu watatu kwa kuhusika na kombora lile, wakiwa hawapo mahakamani, na kuwahukumu kifungo cha maisha. Mei 2025 Baraza la ICAO likaamua kwamba Urusi ilivunja wajibu wake wa kimataifa, na Julai mwaka huo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema vivyo hivyo. Miaka 11 ilipita. Hukumu inawapa wafiwa haki ya kusikilizwa, lakini mtoto aliyekuwa kwenye kiti chake hakulindwa nayo. Yeye angelindwa na notisi ya kurasa mbili tu.

Ghuba tunayoipita

Karibu zaidi na njia zetu ni Ghuba. Tarehe 3 Julai 1988 meli ya kivita ya Marekani, Vincennes, ilikuwa ikipambana na boti za Iran. Wakati huo huo ndege ya Iran Air, safari 655, iliruka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai, safari fupi ya kawaida. Meli ikaidhania ni ndege ya kivita na ikaitungua. Watu 290 walikufa, 66 wakiwa watoto. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 61.8 kwa familia zao.

Miaka 32 baadaye kosa likarudi upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Januari 2020 Iran ilirusha makombora kwenye kambi za Marekani nchini Iraq, ikawa inasubiri kujibiwa. Anga ya Tehran haikufungwa. Asubuhi ndege ya Ukraine, safari PS752, iliruka na watu 176, na dakika chache baadaye ikapigwa na kikosi cha ulinzi wa anga cha Iran yenyewe. Wengi wa waliokufa walikuwa Wairani na watu wenye asili ya Iran. Serikali ilikana kwa siku tatu kabla ya kukiri.

Tunayataja yote mawili kwa makusudi. Ni rahisi kwetu kulia kwa ndege moja na kunyamaza kwa nyingine, kutegemea nani aliyefyatua. Roho iliyodhulumiwa haibadiliki thamani kwa bendera ya aliyeiua, na uadilifu tulioamrishwa hauishii kwa tunaowapenda.

Jirani yetu Somalia

Ndege nyingi zitokazo visiwani kwenda Arabuni hupita anga ya Somalia au kandokando yake. Nchi hiyo ilipoporomoka mwaka 1991 ilibaki bila wa kuongoza ndege. ICAO ikasaidia kuanzisha kituo Nairobi, na kwa zaidi ya miaka 20 anga ya Somalia iliongozwa kutokea Kenya. Desemba 2017 kazi hiyo ilirudishwa Mogadishu, na Januari 2023 anga ile ikarejeshwa rasmi kwenye daraja ambalo kila ndege iliyo juu huongozwa na kutenganishwa na nyingine. Somalia inatuonyesha kwamba hata nchi yenye vita inaweza kupata huduma salama ya anga ya juu, wengine wakikubali kuibeba kama amana mpaka mwenyewe asimame.

Lakini chini hali ni nyingine. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ndogo ya Kenya iliyobeba misaada ya kukabiliana na korona ilitunguliwa ikikaribia kutua Bardale, kusini magharibi mwa Somalia. Watu sita walikufa. Ethiopia ilieleza kwamba askari wake walidhani ni ndege ya shambulio la kujitoa mhanga, kwa kuwa hawakuwa na taarifa ya ujio wake. Taarifa moja haikufika kwa mtu mwenye silaha.

Tudai nini, tufanye nini?

Kwanza, tudai kwamba uamuzi usiachwe kwa nchi iliyo vitani peke yake. Baadhi ya nchi, zikiwemo za Ulaya na Marekani, huyakataza au kuyaonya mashirika yao kuhusu anga hatari za wengine. Mamlaka zetu nazo zina wajibu huo, na abiria ana haki ya kuuliza ndege yake inapita wapi.

Pili, anayesafiri ajipange. Tiketi moja ya safari nzima ni bora kuliko mbili zilizonunuliwa mbalimbali, kwa sababu shirika hubaki na wajibu wa kukufikisha mwisho. Soma bima yako, kwani nyingi hazilipi hasara ya vita. Dawa za mzee ziwe kwenye mkoba wa mkononi, za siku kadhaa zaidi. Ndege ikigeuzwa, tusimtukane mfanyakazi wa kaunta. Pengine aliyeamua amemwokoa mama yetu.

Tatu, kwa anayekwenda Hija au Umra. Kuvaa nguo za ihramu mapema nyumbani au uwanjani hakumfungi mtu. Kinachomfunga ni nia. Asiharakishe kunuia kabla ndege haijakaribia mikati. Na safari ikiwa na khofu ya kuzuiliwa, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameruhusu kuweka sharti wakati wa kunuia, kwamba pale atakapozuiliwa ndipo atakapotoka katika ihramu. Asiyeweka sharti akazuiliwa, hukumu yake ni ya aliyehusuriwa, iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 196, nayo ina kuchinja. Kila mmoja amuulize shekhe wa kikundi chake kabla ya kuondoka.

Tunaamini kwamba ajali haipunguzi umri ulioandikwa. Lakini imani hiyo haikumpa ruhusa mwenye ngamia kumwacha bila kumfunga, wala haimpi ruhusa mtawala kuacha anga wazi juu ya makombora. Amwambiaye abiria kwamba njia ni salama amebeba amana, na ataulizwa.

Tunamuomba Allah awarejeshe wasafiri wetu salama, awarehemu waliokufa bila hatia angani na ardhini, na awape subira waliobaki. Amin.