Faranga, Shilingi na Bei ya Kwenye Karatasi

Makamanda, kuna utani unazunguka kwenye magrupu yetu: "Ukiona maisha magumu, vuka Burundi ukawe milionea." Chini yake mtu anaweka picha ya furushi la noti za faranga. Na mimi huwa nacheka. Ila sisi wa Kasulu na Kibondo tungekuwa wa mwisho kucheka, maana hiyo hela tumeishi nayo na tunajua ilikotoka.

Anza na neno lenyewe. Sisi tunasema hela, Mrundi anasema amahera. Wote tumelitoa kwa Mjerumani, kwenye heller yake, mia moja kwa rupia moja, enzi Buha na Urundi ziko koloni moja. Mpaka wa fedha ulikuja baadaye, Mbelgiji alipobaki na Urundi na Mwingereza akachukua upande huu. (Hata huku kwetu Kigoma Mbelgiji alikaa, 1916 hadi 1921.)

Sasa hesabu. Miaka ya 1950 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, na kwa Wabelgiji ilikuwa faranga 50. Yaani shilingi moja, faranga 7. Tulipoanzisha shilingi yetu wenyewe Juni 1966, Burundi ilikuwa imeshashusha faranga yake hadi 87.5 kwa dola. Shilingi moja ikawa faranga 12 na ushee. Soma tena: kumi na mbili.

Ruka hadi 1990. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 195. Kwa Warundi ilikuwa karibu faranga 171. Shilingi iliyokuwa inanunua faranga 12 ikawa hainunui hata moja! Robo karne tu, chini ya chama kilekile mnachokijua.

Kuna watakaosema ni Vita vya Kagera, ni bei ya mafuta, ni bei ya kahawa duniani. Kweli, vyote vilituumiza. Lakini kuna kitu serikali ilijifanyia yenyewe: iling'ang'ania bei ya kwenye karatasi. Mwaka 1985 Benki Kuu ilihesabu dola kwa shilingi 17 hivi, mtaani ikiwa mara kadhaa ya hapo. Mkulima akalipwa kahawa kwa bei ya karatasi, akanunua sabuni kwa bei ya mtaani, tena kama ipo. Wazee kwetu wanasimulia bila aibu: gunia lilivuka usiku kwa njia za panya, zikarudi sabuni, chumvi na vitenge. Mwaka 1983 watu wa namna hiyo waliitwa wahujumu uchumi. Mwaka 1986 serikali hiyohiyo ikashusha shilingi hadi kama 40 kwa dola, na ikaendelea kushusha. Kwa lugha nyingine, ilikubali kwamba bei ya mlanguzi ilikuwa karibu na ukweli kuliko bei yake. Aliyefungwa hakuombwa radhi.

Burundi ya leo ni sisi wa 1985. Hadi 2015 kwa hesabu rasmi faranga ilikuwa juu kidogo ya shilingi. Ikaja misukosuko ya mwaka ule, wafadhili wakazuia misaada, dola zikaadimika, na benki yao kuu ikaendelea kutangaza bei isiyopatikana popote. Mei 2023 walishusha kutoka karibu faranga 2,090 kwa dola hadi karibu 2,800. Mwezi uliofuata wakatangaza noti za zamani za 5,000 na 10,000 zirudishwe ndani ya siku kumi. Fikiria mama wa Mabamba aliyeuza ndizi zake kwa Warundi na kuficha faranga chini ya godoro. Siku kumi! Arudishe wapi?

Hapo ndipo ninapoilaumu serikali yetu, sio ya Gitega. Jedwali la BoT linaonyesha faranga kila siku, kwa bei rasmi ya Burundi. Kwa jedwali la 2025, faranga 100,000 ni zaidi ya shilingi 80,000. Nenda nazo sokoni uone kama utapata hata 50,000. Tofauti hiyo inabebwa na mchuuzi peke yake, kwa kukisia, akitegemea vijana wanaobadilisha hela kwa mkono. Novemba 2018 wanajeshi walitumika Arusha kufunga maduka ya kubadilishia fedha, kisha ikafuata Dar es Salaam. Kanuni za Machi 2025 zikakataza kupanga bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni nchini. Nia ya kuzuia kodi za nyumba za dola Masaki naielewa, hata naiunga mkono. Misamaha ikawekwa kwa balozi na maduka yasiyotozwa ushuru. Mama anayepokea faranga 2,000 kwa fungu la dagaa, yeye yuko wapi kwenye kanuni hiyo? Kwa maandishi yalivyo, ni mhalifu.

Halafu tunaambiwa shilingi imara. Imara mbele ya jirani anayezama, sawa. Lakini Mrundi ndiye mteja wa maharage na mahindi yetu, na huyo mteja sasa anakuja na robo ya alichokuja nacho zamani, au haji kabisa na anabaki kutafuta kibarua mashambani kwa ujira wa kuonea huruma. Sarafu moja ya Afrika Mashariki tuliyosaini Kampala Novemba 2013 ilikuwa ianze 2024. Imesogezwa hadi 2031.

Kwa hiyo kwenye vikao vyetu vya kata, tuwaulize madiwani na wabunge swali moja, na tuandike majibu yao: duka halali la kubadilisha faranga, kwa bei ya soko na kwa mtaji ambao kijana wa Kibondo anaweza kuufikia, litafunguliwa lini Mabamba na Manyovu?