Waliosugua benchi wakatoka na shahada

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Hawakutueleza, hata hivyo, mvumilivu huyo atafune nini wakati mbivu zingali mbichi, wala afanye nini iwapo aliyekuja nyuma yake ataruhusiwa kuupanda mti kwanza. Swali hilo linawakabili vijana wengi wa vyuo vikuu vya Marekani wanaocheza kandanda ya nchi hiyo, ile ya mpira wenye umbo la yai, na hasa wale walioingia chuoni kwa vigelegele kisha wakajikuta wakisugua benchi. Nimelichagua leo, ndugu msomaji, kwa kuwa ndani yake limo jambo linalowahusu walimu na wanafunzi kuliko linavyowahusu mashabiki.

Kwanza tutazame jinsi kijana anavyofika pale. Mvulana wa miaka 16 au 17, angali katika shule ya upili, hupewa nyota na watu ambao kazi yao ni kuwapima wachezaji wachanga: tatu, nne, na kwa wachache mno, tano. Makocha wa vyuo humfuata hadi nyumbani, wakaketi sebuleni na wazazi wake, wakamsifu mama kwa malezi na kumhakikishia baba kwamba mwanawe ana nafasi kubwa. Tatizo ni kuwa ahadi hiyo hiyo hutolewa katika sebule nyingi. Kwa miaka mingi, hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2025, chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kuwa na wachezaji 85 wenye ufadhili wa masomo, ilhali wanaoingia uwanjani kwa wakati mmoja ni 11. Naye mrushaji, yaani yule anayeupokea mpira shambulizi linapoanza na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao, ni mmoja tu. Wachezaji wengine hupokezana nafasi mchezo ukiendelea. Mrushaji aghalabu haondolewi ila akiumia au akiboronga. Chuo kikiwasajili warushaji watatu hodari, wawili watatazama.

Sisi Wakenya tumezoea mizani ya aina nyingine. Vijana wetu wamekuwa wakienda katika vyuo hivyo hivyo kwa nguvu za miguu yao kwa miongo mingi. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Rono hakuhitaji kusubiri kocha amwamini, saa ilitosha. Saa haina mpwa wala kipenzi. Katika kandanda ya Kimarekani hakuna saa ya kumtetea kijana. Lipo jicho la mtu mmoja, na mtu huyo analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka ili ashinde Jumamosi ijayo, si miaka miwili ijayo.

Mfano wa Quinn Ewers wa Texas unatosha kuonyesha jinsi nyota zinavyoweza kumdanganya aliyevikwa. Katika kundi la wanafunzi wa mwaka 2021 yeye ndiye aliyewekwa juu ya wote nchini mwao. Aliuacha mwaka wake wa mwisho wa shule ya upili ili awahi kujiunga na Ohio State University, na haikuwa siri kwamba fedha za matangazo ya biashara, ambazo kanuni za shule za Texas hazikumruhusu kuzipokea, zilichangia haraka hiyo. Msimu mzima aliingia uwanjani kwa mashambulizi mawili tu, yote mawili akamkabidhi mwenzake mpira. Hakurusha hata mara moja. Mwisho wa mwaka akahamia University of Texas, na huko akapata nafasi.

Sitamlaumu Ewers. Alikuwa na umri wa miaka 18, na katika umri huo hata sisi tunaojifanya wenye busara tuliyafanya ambayo hatupendi yasimuliwe. Ninachotaka msomaji akitambue ni kwamba miaka michache tu kabla yake kijana kama yeye asingeweza kuhama kwa wepesi huo. Hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Kanuni ya zamani ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilisema kwamba mchezaji wa kandanda akihama kutoka chuo kimoja cha daraja la juu hadi kingine, sharti akae mwaka mzima bila kucheza. Ilikuwa adhabu, ingawa haikuitwa hivyo. Palikuwapo, hata hivyo, mlango mmoja wa kupitia. Aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza na angali na msimu wa kucheza aliruhusiwa kuhama na kucheza papo hapo, almuradi ajiandikishe kwa masomo ya juu zaidi. Kwa hiyo kijana aliyekwama benchini alikuwa na sababu ya kwenda maktaba. Kila somo alilofaulu lilimsogeza karibu na lango.

Joe Burrow alilipita lango hilo. Aliingia Ohio State mwaka 2015, akakaa msimu wa kwanza bila kucheza, kisha akawa msaidizi wa J.T. Barrett. Mwaka 2017, msimu ulipokaribia kuanza, akavunjika mkono, na Dwayne Haskins akampita. Katika miaka yake yote mitatu huko alirusha mpira mara 39 tu katika mechi rasmi, idadi ambayo mrushaji wa kawaida anaweza kuifikia katika Jumamosi moja ya shughuli nyingi. Lakini katika miaka hiyo hiyo mitatu alikamilisha shahada ambayo wengi huimaliza kwa minne. Mwezi Mei 2018 akafunga virago kuelekea Louisiana State University, akiwa huru kabisa. Mwaka 2019 timu yake ilishinda mechi zote 15, yeye akatoa pasi 60 zilizozaa mabao na kutunukiwa Tuzo la Heisman, ambalo hupewa mchezaji bora wa vyuo. Mwezi Aprili 2020 Cincinnati Bengals wakamchagua wa kwanza kati ya vijana wote walioingia ligi ya kulipwa.

Na Jalen Hurts je? Kisa chake kinauma zaidi, maana yeye hakuanzia benchini, aliteremshwa. Aliiongoza Alabama tangu mwaka wake wa kwanza, 2016, na alipofika fainali ya kitaifa ya Januari 8, 2018 mjini Atlanta alikuwa amepoteza mechi mbili tu kama mrushaji wa kwanza. Ilipofika mapumziko timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 13 kwa sufuri dhidi ya Georgia. Kocha Nick Saban akamketisha na kumwingiza kijana wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa. Alabama ikashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Hurts alikuwa kando ya uwanja akimshangilia yule aliyeichukua nafasi yake, mbele ya mamilioni ya watazamaji.

Wengi walitarajia aondoke mara moja. Hakuondoka. Alibaki msimu mzima wa 2018 kama msaidizi. Tarehe 1 Desemba mwaka huo, katika uwanja ule ule, dhidi ya Georgia ile ile, Tagovailoa akaumia, Hurts akaingia Alabama ikiwa nyuma na kuishindia mechi 35 kwa 28. Siku chache baadaye akapokea shahada yake. Hapo ndipo alipoaga na kwenda University of Oklahoma, naye hakulazimika kukaa nje hata kwa mechi moja.

Kura za Heisman zilipohesabiwa Desemba 2019, wa kwanza alikuwa Burrow na wa pili alikuwa Hurts. Wa tatu, Justin Fields, naye alikuwa amehama Georgia, alikokuwa nyuma ya Jake Fromm. Watatu hao wote walikuwa wameshindwa kupata au kuhifadhi nafasi katika vyuo vyao vya awali! Wawili kati yao walitoka wakiwa na shahada mkononi. Wa tatu alipewa ruhusa maalumu.

Leo lango lile halina maana tena. Mwezi Oktoba 2018 ilianzishwa orodha ya kielektroniki ambamo mchezaji anayetaka kuhama huandikisha jina lake na makocha wote wakaliona. Mwaka 2021 kila mchezaji akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka huo huo, tangu Julai 1, akaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Mwaka 2024, baada ya NCAA kubanwa mahakamani, kuhama kukawa hakuna kikomo maadamu kijana hajaanguka masomoni. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza.

Kunao watakaosema kwamba hii ni haki iliyochelewa, na sitabishana nao sana. Kocha Lincoln Riley, aliyemfunza Hurts kule Oklahoma, aliondoka mwaka 2021 kwenda California bila kukalishwa nje hata siku moja. Kwa nini kijana afungwe minyororo ambayo mwalimu wake hafungwi? Kanuni ya zamani ilikuwa ya kionevu. Ninachosikitikia ni kwamba katika kuibomoa, jengo zima limeporomoka pamoja na ule mlango mmoja uliokuwa mzuri.

Fikiri juu ya mwanafunzi anayehama vyuo vitatu katika miaka minne. Kila chuo kina mtaala wake. Baadhi ya masomo aliyoyafaulu kule hayatahesabiwa huku, na NCAA inamtaka awe ametimiza sehemu fulani ya shahada yake kila mwaka: asilimia 40 baada ya mwaka wa pili, 60 baada ya wa tatu. Anayetaka kusomea uhandisi ataambiwa kwa upole na mshauri wake kwamba hesabu hazitoshi, achague kitu kingine kitakachoyapokea masomo aliyo nayo. Hivyo kijana husomea kile kinachomruhusu kucheza. Iwapo ataitwa ligi ya kulipwa, huenda asijali. Lakini vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kwa hesabu ya ufadhili 85 kila kimoja tunapata vijana zaidi ya 11,000. Waliochaguliwa na timu zote 32 za kulipwa mwaka 2025 walikuwa 257. Ewers mwenyewe, aliyewahi kuwa wa kwanza nchini, alichaguliwa wa 231.

Kinaya cha mambo ni kwamba huko Texas, Ewers ndiye aliyemkalisha benchini Arch Manning, mjukuu wa Archie na mpwa wa Peyton na Eli, ambaye naye alikuwa ametafutwa na vyuo vikubwa vya kandanda kila upande. Manning alisubiri misimu miwili, 2023 na 2024, akianza mechi mbili tu Ewers alipoumia, ingawa angeweza kuhama asubuhi yoyote aliyotaka. Nafasi ikawa yake mwaka 2025. Ni rahisi kumsifu kwa subira, nami namsifu, ila tukumbuke kwamba mtoto wa ukoo wenye uwezo husubiri akiwa ameshiba. Yule ambaye familia yake inazitegemea fedha za chuo hawezi kulaumiwa akienda panapolipa zaidi.

Ningeulizwa mimi, ningesema mara ya kwanza kijana ahame atakavyo, kwa sababu kila mtu aliyefanya uamuzi akiwa na miaka 17 anastahili nafasi ya kuusahihisha. Mara ya pili, ufunguo uwe shahada. Najua mahakama za Marekani hazingekubali kwa urahisi, na mawakili wangeniona mshamba. Hata hivyo sijaona njia nyingine iliyowahi kumfanya mchezaji aliyenyimwa uwanja apende darasa.

Walimu wetu wanaoandika barua za mapendekezo kwa vijana wanaoelekea vyuo hivyo kukimbia mbio wanapaswa kujua kwamba shirika linalowasimamia ni lile lile, na milango ya kuhama ni wazi kwao vilevile. Kocha anapopiga simu kutoka ng'ambo, kijana atamuuliza habari za viatu, safari na mashindano. Mwalimu aulize mengine: mwanafunzi huyu atasomea nini, ni wangapi waliomtangulia katika timu hiyo waliohitimu, na akiumia goti mwaka wa pili ada yake italipwa na nani. Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi.

Hurts alipotia sahihi mkataba wa dola milioni 255 na Philadelphia Eagles mwezi Aprili 2023, hakuna mtu duniani ambaye angemdai cheti kingine. Mwezi uliofuata alivaa joho kule Oklahoma akapokea shahada ya uzamili.