Doa jekundu kwenye ramani si moja

Ndugu wakulima wa koperative, siku hizi mradi ukifika huku kwetu Kambove unakuja na ramani. Inafunguliwa mezani: kijani ni miombo, nyekundu ni mahali miti imetoka. Halafu tunaambiwa, muangalie vile mnamaliza pori.

Ramani hatuikatai. Picha za Landsat zinapigwa toka 1972, na toka 2008 ni za bure. Sentinel-2, iliyoanza 2015, inaonyesha kipande cha mita 10 kwa 10. Ukiweka picha ya zamani kando ya ile ya leo, unaona vile Likasi inapanuka, unaona mashimo ya shaba na kobalti pamoja na barabara zake. Hata mwenye karieri akiweka walinzi kwenye mlango, satelite inapita juu.

Shida iko kwenye ile nyekundu. Mahali watu walikata miti ya makala wakaenda zao, visiki vya miombo vinachipuka; pasipopita moto wala jembe, pori linarudi pole pole. Shamba la mahindi nalo linaweza kulazwa. Lakini kwenye shimo la karieri, ama kwenye kiwanja cha nyumba, kisiki kiko wapi? Ramani inavitia vyote rangi moja, na lawama inamwangukia yule anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala. Makala yanakula pori kweli, hatufichi. Lakini mifuko hiyo inaenda kupika bukari ya Likasi na Lubumbashi.

Tena kuna majira. Miombo inaangusha majani wakati wa kiangazi. Pori lile lile, picha ya Machi na picha ya Agosti, utasema ni mapori mawili. Mtu anayesoma ramani toka mbali bila kuuliza ni ya mwezi gani atahesabu hasara ambayo haiko. Wamama wanaookota uyoga wangemwambia mara moja.

Juu ya nini tunasumbuka hivi? Dekreti 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaipa jamii haki ya kuomba msitu wake, mpaka hektari 50.000, bila malipo na bila mwisho. Maombi hayo yanataka ramani. Kijiji kisicho nayo kitabaki kutaja mababu, na mwenye kibali cha madini atafungua karatasi yake.

Kwa hiyo mradi wenye picha uzilete kijijini kwanza, zikiwa zimechapwa kubwa. Tuingie nazo porini na GPS: wazee, wamama, na vijana wa makala pia, hao ndio wanajua njia zote. Kila doa liandikwe: hapa makala, hapa shamba, hapa karieri, hapa nyumba, na mwaka wake. Nakala moja ibaki kwenye biro ya koperative. Na kazi hii ifanyike kabla ya mvua ya Novemba, maana mbegu zikiingia udongoni hakuna mtu atakayepata siku ya kutembea porini.