Mtoto Mgongoni, Bastola Kiunoni? Riruta Hapana

Nianze na msimamo ndio mtu asiseme nilimzungusha: mathe anayepiga tizi na mtoto huku Riruta hahitaji bastola. Bastola inayoonekana kiunoni itamletea yeye, mtoto wake na jirani yake hatari kubwa kuliko ile anayoiogopa. Ukikasirika sai, sawa, lakini soma mpaka chini kwanza.

Mnazijua hizi video za Marekani zinazozunguka kwa simu. Mama anakimbia, anasukuma kigari cha mtoto cha magurudumu matatu, lami safi, miti pande zote, na kwa kiuno bastola iko wazi kila mtu aione. Ujumbe wake ni: jaribu uone. Majimbo mengi kule yanaruhusu mtu kubeba bastola hadharani. Sasa kuna wasee hapa kwetu wanasambaza hizo video wakisema Kenya ikiruhusu hivyo dada zetu watakuwa salama.

Hasira yao naielewa kabisa. Januari 27, 2024 wanawake walijaza barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na hawakutoka kwa sababu walikosa kazi ya kufanya. Huku kwetu kila msichana anajua kichochoro ambacho hapiti giza likiingia. Anajua kushika simu ndani ya sweta. Anajua ngeta ni nini. Ukimwambia mtu kama huyo "jipe moyo" unamtukana. Anataka kitu cha kushika mkononi, na bastola inaonekana kama jibu.

Shida ni kwamba jibu hilo lilitengenezewa barabara nyingine.

Tuanze na sheria. Kenya kuwa na bunduki si haki yako kikatiba, ni ruhusa. Unaomba leseni kwa Bodi ya Leseni za Silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, unachunguzwa, na unaeleza kwa nini unaihitaji. Na ruhusa hiyo inaweza kuguswa wakati wowote: Desemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wapigwe msasa upya. Sasa niambie, mathe wa kufulia watu nguo Lavington, anayelala keja ya mabati Gatina, ataanzia wapi hiyo safari? Pesa ya bastola ingemlipia kodi miezi mingi sana. Kwa hivyo ukisema "wanawake wabebe bastola," unasema wanawake wa Lavington wabebe. Huyu wa Gatina umemsahau kabla hata hujamaliza sentensi.

Lakini tuseme ameipata, leseni na kila kitu. Ameivaa kiunoni, mtoto mgongoni, anashuka Naivasha Road saa kumi na mbili asubuhi. Mtaa utamsomaje?

Huku mtu asiye na sare akiwa na bastola ni mmoja wa watu wawili: karao wa nguo za raia ama jambazi. Karao akikuona wewe ukiwa nayo, hataanza kukuuliza leseni iko mfuko gani. Na jambazi akikuona, umemwonyesha kitu cha maana kuliko simu, kuliko pochi, kuliko viatu vyako. Hapa Nairobi hata polisi wenye mafunzo huvamiwa na kunyang'anywa silaha zao. Wewe una mtoto wa kilo tisa mgongoni, unahema, jasho liko machoni, na kitu wanachotaka umekitundika nje kama matangazo. Ngeta inatoka nyuma, buda. Haikupi nafasi ya kuchomoa.

Na tuseme umewahi. Umechomoa, umefyatua, umemkosa. Risasi imeenda wapi?

Hapa ndipo hizo video zinaniudhi zaidi, kwa sababu nyuma ya yule mama wa Marekani kuna nyasi. Nyuma ya mwizi wa Kawangware kuna ukuta wa mabati, na nyuma ya mabati kuna kitanda. Bati halisimamishi risasi. Hata ghorofani si salama: Machi 30, 2020, siku za kafyu, kijana wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa amesimama kwenye roshani ya kwao Kiamaiko. Alikuwa nyumbani kwao, na mwenye bunduki alikuwa mtu aliyefunzwa kuitumia. Sasa unataka kunipa mathe anayetetemeka, na mtoto analia mgongoni, na uniambie huyo atalenga vizuri zaidi?

Kuna jambo lingine ambalo mtu hataki kulisema. Ukiwa umebeba mtoto, wewe na yeye ni shabaha moja. Machi 23, 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni, Mombasa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alibaki na risasi kichwani, na mamake akafa siku hiyo. Aprili madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta walifanikiwa kuitoa hiyo risasi. Huyo mama hakuchagua vita. Wewe ukichomoa bastola mbele ya mtu mwenye bastola na mtoto akiwa mwilini mwako, umechagua, na mtoto hakuulizwa.

Na risasi si lazima itoke kwa adui. Desemba 30, 2014, mji wa Hayden jimbo la Idaho, mama mmoja alikuwa dukani na mwanawe wa miaka miwili. Bastola yake ilikuwa ndani ya mkoba, na alikuwa na kibali cha kuibeba. Mtoto akaingiza mkono, akaipata, mama akafa pale pale. Mkono wa mtoto haukai bure, hushika hereni, hushika nywele, hushika kijiko chenye uji moto. Ile video ya mama jasiri haikuonyeshi hiyo sehemu. Haikuonyeshi pia kwamba kule kwao, tangu 2020, bunduki ndiyo sababu namba moja ya vifo vya watoto na vijana kuanzia mwaka 1 hadi miaka 19. Hao ndio tunataka kuiga?

Nimeshaambiwa: "Wewe unaongea hivyo, lakini wakimbiaji wanauawa." Ndiyo, wanauawa. Hebu tuangalie wanauawa na nani.

Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake pekee mnamo Septemba 2021. Mwezi uliofuata alikutwa amedungwa kisu nyumbani kwake Iten, na aliyeshtakiwa ni mumewe. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris mwaka 2024. Wiki chache baadaye, akitoka kanisani na watoto wake, mpenzi wake wa zamani alimmwagia petroli na kumwasha moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Akafariki Septemba 5 hospitalini Eldoret. Hawa walikuwa na mbio kuliko mwizi yeyote wa Kawangware. Hatari haikuwapata barabarani wakifanya mazoezi. Iliwapata nyumbani, kwa mtu anayejua mlango uko wapi. Weka bastola ndani ya nyumba kama hiyo, halafu ujiulize nani ataifikia kwanza siku ya ugomvi.

Na wanaume wenzangu wa mtaa, hii inawahusu pia. Februari 23, 2020, kijana wa miaka 25 anayeitwa Ahmaud Arbery alikuwa anakimbia kwenye mtaa wa watu jimbo la Georgia, Marekani. Wanaume watatu walimfukuza na magari, wakisema wanalinda mtaa wao dhidi ya wizi, na mmoja akampiga risasi. Mwaka uliofuata wote watatu walipatikana na hatia ya mauaji. Wewe kijana wa Kawangware unajua vizuri jinsi unavyoangaliwa ukikimbia alfajiri bila jezi ya michezo. Mtu mmoja akipiga kelele "mwizi!" umeisha. Sai umati una mawe. Unataka kuupatia na bastola?

Sasa mtaniuliza: basi mathe afanye nini, akae kwa nyumba anenepe na mawazo? Hapana. Akimbie. Faith Kipyegon alijifungua 2018 na akarudi kushinda dhahabu ya Olimpiki Tokyo na tena Paris. Mwili wa mama ni wake. Lakini afanye na akili ya mtaa wake.

Kwanza, usikimbie na mtoto mchanga mgongoni. Shingo yake haijakomaa na kichwa kinarushwa kila hatua. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita tembea tu kwa kasi, na muulize nesi wa kliniki kabla ya kuanza mbio naye. Hata kigari kinataka njia laini, na njia zetu mnazijua.

Pili, fanyeni kama chama. Mnajua kuzungusha pesa, zungusheni na watoto. Wamama sita uwanjani, wawili wanabaki na watoto kwa mkeka, wanne wanakimbia, halafu mnabadilishana. Watu sita wanaojuana ni ulinzi mkubwa kuliko chuma kiunoni, na hakuna anayehitaji leseni.

Tatu, subiri mwanga. Hapa Nairobi jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, halibadiliki sana. Pita mahali mama mboga ameshafungua na watu wa nduthi wanakujua kwa jina. Barabarani kimbia ukiangalia magari yanakuja, na sikio moja liachie mtaa, muziki utakungoja.

Hizo ni za kusaidia sai. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewaambia wanawake wajipange wenyewe tu, na hiyo ndiyo story ile ile ya bastola, imevaa nguo nyingine.

Toka Kawangware kwa mguu, panda Gitanga Road hadi Lavington. Kuna mahali unafika unaona njia ya miguu imeanza, taa zinawaka, na watu wanakimbia na masikio yote yamezibwa. Hawana bastola kiunoni. Wana lami, taa na walinzi kila geti. Na nikupe moja ya kukukasirisha: Wadi ya Kawangware na wadi za Kileleshwa na Kilimani ziko eneobunge moja, Dagoretti Kaskazini. Mbunge ni mmoja. Usalama wa kukimbia upo kwenye hilo eneobunge, ni vile tu umegawanywa vibaya.

Taa za barabarani na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti, imeandikwa wazi kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Si msaada, si zawadi ya kampeni. Tunayajua yale mataa marefu, mulika mwizi, na tunajua mtaa hubadilika vipi yakiwaka: watu wa smokie wanakaa hadi usiku, watoto wanacheza, wezi wanahama. Tunajua pia inavyokuwa ile taa ikizima na hakuna anayekuja kuirekebisha miezi na miezi. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanapaswa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikizwe. Hivyo vikao huwa na wazee kumi na viti mia vitupu. Sisi tuko kwa simu tunabishana kuhusu bastola za Idaho.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya sera wala ya usalama. Lakini kuhesabu taa naweza. Tembea leo jioni kutoka kwenu hadi stegi, hesabu taa ambazo haziwaki, piga picha kila moja, andika iko wapi. Mimi nafanya upande wa Riruta, nipeni wa Satellite, Kabiria, Gatina, Congo na Kibera. Tutaziweka pamoja na tumtag kila MCA kwa jina la wadi yake mpaka ajibu. Na kikao cha bajeti kikitangazwa, wale wamama sita wa uwanjani waje na mkeka wao na watoto wao, wakae mstari wa mbele.